Mtoto Aijue Robo

Maneno ya Kamati Ndogo ya Elimu katika mkutano mkuu wa mwaka

   

Mwaka huu kamati yetu haikuja kuwaomba bati wala saruji. Tumekuja kuomba kitu ambacho hakiwekewi jiwe la msingi: watoto wetu wa shule ya msingi wafundishwe hesabu ya sehemu, yaani nusu, theluthi na robo, mpaka waielewe.

Tuanze na habari iliyotuuma. Kijana wetu mmoja, jina tunalihifadhi, alikuwa analima viazi kwenye shamba la mtu huko milimani kwetu. Mwaka wa kwanza makubaliano yalikuwa achukue 1/3 ya mavuno. Mwaka wa pili akaomba aongezewe. Mwenye shamba akaandika 1/4. Kijana akaona 4 ni kubwa kuliko 3, akashukuru, akasaini. Yalipopatikana magunia 36, akapewa 9. Kwa makubaliano ya zamani angepata 12. Magunia matatu yamekwenda, na karatasi ina sahihi yake.

Mtasema, je, hakujua robo? Aliijua vizuri sana. Tangu utoto ametumwa dukani kununua robo ya sukari. Asichojua ni kwamba 1/4 ndiyo robo ile ile. Na kijana huyo, ndugu zetu, alisoma katika darasa tulilolijenga sisi. Tulichanga, tukaezeka, tukapaka rangi, tukapiga picha. Hakuna kati yetu aliyerudi kuuliza ndani ya darasa lile kunafundishwa nini, na kwa vifaa gani.

Ndipo kamati ikaenda. Kwa ruhusa ya mwalimu mkuu tulikaa nyuma ya darasa la tano. Mwalimu ni hodari, ila ana chaki, ubao na watoto wengi. Tuliuliza ipi kubwa, 1/4 au 1/8. Mikono mingi ikachagua 1/8. Tukaandika 1/2 + 1/3. Wengi wakajibu 2/5: wamejumlisha za juu, wakajumlisha za chini. Sisi tunaoshinda kwenye vitabu vya hesabu tulishtuka, maana 2/5 ni ndogo kuliko nusu. Mtu alikuwa na nusu, akaongezewa, akabaki na pungufu ya nusu! Daftari la fedha likisema hivyo, mtunza hazina hujiuzulu.

Kisha tukamwuliza binti mmoja kwa maneno: "Mama akikutuma sukari, ipi nyingi, robo au nusu robo?" Akacheka. "Robo." Nusu robo ndiyo 1/8. Jibu alikuwa nalo siku zote, ila hakuna aliyemwonyesha kwamba la dukani na la ubaoni ni moja.

Tumekaa na walimu wetu, na baadhi yao wako hapa leo. Wametufundisha mambo manne ambayo mzazi yeyote anaweza kuyafanya nyumbani.

La kwanza, kugawa sawasawa. Mtoto apewe karatasi ndefu aikunje mara mbili, aikunjue, ahesabu vipande: viwili. Aikunje mara mbili, kisha tena: vinne. Kisha tena: vinane. Ataona kwa macho yake kwamba vipande vikiongezeka, kila kimoja kinapungua. Chungwa likigawiwa watoto wanane, hakuna anayeshiba kuliko lilipogawiwa wanne. Na vipande vikiwa havilingani, hiyo siyo robo, hata kama viko vinne.

La pili, jina litangulie alama. Lugha yetu imeturahisishia. Tunasema "robo tatu" kama tunavyosema "maembe matatu". Robo ndilo jina la kitu, tatu ndiyo hesabu yake. Namba ya chini, ambayo walimu wanaiita asili, inasema ni kitu gani. Ya juu, yaani kiasi, inasema viko vingapi. Mtoto akishika hilo, robo moja kuongeza robo mbili ni robo tatu, na hawezi tena kujumlisha za chini.

La tatu, vitu viwe vya aina moja kabla ya kujumlisha. Hakuna anayejumlisha shilingi na dola kabla ya kubadili fedha. Nusu na theluthi nazo ni fedha mbili. Tuzibadili zote ziwe sudusi, yaani sehemu za sita: nusu ni 3/6, theluthi ni 2/6, jumla 5/6.

La nne, mtoto ajue sehemu nayo ni namba yenye mahali pake. Chukueni barabara yetu. Mombo iwe 0, Lushoto iwe 1. Soni iko wapi? Karibu na 1/2. Na ile 1/4? Kila aliyewahi kupanda na basi kona zile ataonyesha kwa kidole. Huo ndio mstari wa namba, na watoto wetu wanausafiria.

Haya si mambo ya mtihani tu. Mzee akifariki akaacha mjane na watoto, katika mirathi ya Kiislamu fungu la mjane ni thumni, 1/8. Kama hakuacha mtoto wala mjukuu kwa mwanawe wa kiume, ni robo. Ndugu wakigawana shamba, fundi akichanganya saruji, nesi akipima dawa ya mtoto, wote wako kwenye hesabu hii. Asiyeijua atagawiwa na wengine, naye atashukuru.

Sasa ombi letu. Mfuko wa elimu mwaka huu tunaomba ugawanywe hivi: 1/2 iwe nauli na chakula cha walimu kwenye mafunzo ya likizo, 1/4 iwe manila, mikasi, rula, mizani na vipimo vya lita kwa kila darasa, 1/8 iwe ya kamati kurudi shuleni kila muhula kuwauliza watoto maswali yale yale, 1/8 ibaki akiba. Jumlisheni wenyewe. Ikizidi au ikipungua moja kamili, mtuulize. Matokeo tutayasoma mbele yenu mwakani, yawe mazuri au mabaya.

Na kwa mwanachama ambaye mwaka huu mfuko umetoboka, tunaomba jambo lisilo na risiti. Ukienda nyumbani kwa Idi au Krismasi, kata chapati mbele ya watoto na uwaache wakuambie kila kipande kinaandikwaje.

Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Tusisahau kwamba kibaba chenyewe ni robo ya pishi. Tuchange mpaka pishi ijae.