"Nguvu za Kiume" Si Ugonjwa Mmoja: Mada kwa Wahudumu wa Afya Kuhusu Kumwaga Mapema



Mwanamume akishafunga mlango, akakaa na kutazama sakafu, neno lake la kwanza huwa lile lile: "Daktari, nina tatizo la nguvu za kiume." Hapo bado hajatuambia kitu. Kwa Kiswahili chetu cha mitaani, maneno hayo yamebeba uume usiosimama, uume unaosimama kisha ukalegea, hamu iliyokwisha, na mbegu zinazotoka kabla mtu hajataka. Muuza vumbi la Kongo, unga wa mitaani wa nguvu za kiume, hana sababu ya kuyatenganisha, maana pakiti ni moja kwa wote. Sisi tukishindwa kuyatenganisha, hatuna tofauti naye. Leo nazungumzia hilo la mwisho, kwa kuwa ndilo ninaloliona likitibiwa ovyo kuliko yote.

Mapema ni lini? Jumuiya ya kimataifa ya madaktari wa afya ya kujamiiana iliweka kipimo mwaka 2014. Kwa aliyeanza nalo tangu mara ya kwanza maishani, ni kumwaga ndani ya takriban dakika 1 baada ya kuingia, au hata kabla ya kuingia. Kwa aliyekuwa mzima likamjia baadaye, ni muda kupungua sana hadi dakika 3 au chini yake. Wote wawili wawe hawawezi kujizuia, na jambo lenyewe liwe linawaumiza.

Linganisheni na utafiti uliochapishwa mwaka 2005, ambapo jozi 500 za wapenzi huko Uholanzi, Uingereza, Hispania, Uturuki na Marekani zilipima muda kwa saa. Muda wa katikati ulikuwa dakika 5.4. Wapo vijana wanaofika kwetu wakiwa na dakika zao 5 au 6, wameshatumia fedha nyingi kwa waganga, kwa sababu kijiweni wamesikia habari za nusu saa na kwenye simu wameona picha za ngono. Kijana wa namna hiyo msimwandikie dawa. Mwambieni ukweli, tena taratibu, maana ameteseka kweli.

Kwa hiyo ulizeni: tangu lini? Dakika ngapi? Kwa mke huyu tu, au popote? Na uume unasimama vizuri? Swali hili la mwisho husahaulika. Mwanamume anayehofia uume utalegea hukimbilia kumaliza. Huyo atibiwe kusimama kwanza, na hapo ndipo sildenafili ina kazi. Likiwa limemjia ukubwani, chunguzeni pia maambukizi ya tezi dume, tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi, na ugomvi wa nyumbani. Na tuache kuwatisha kwa punyeto. Hakuna ushahidi thabiti kwamba ndiyo chanzo, lakini mabango ya barabarani yamewajaza wanaume hatia wasiyostahili.

Kwa aliyeanza nalo tangu mara ya kwanza, inaelekea serotonini, kemikali ya ubongo inayochelewesha kumwaga, inahusika. Ndiyo maana dawa za sonona kama paroksetini na sertralini humsaidia. Hunywewa kila siku, na matokeo huanza kuonekana baada ya wiki 1 hadi 2. Zisikatishwe ghafla. Dapoksetini hunywewa saa 1 hadi 3 kabla ya tendo, na inaweza kumfanya mtu azimie. Krimu ya ganzi yenye lidokeini hupakwa mapema kisha ikafutwa, la sivyo mke naye atapata ganzi. Kabla ya kuandika lolote, ulizeni habari ya tramadoli. Vijana wanainunua mitaani kwa kazi hii hii. Inaleta uraibu na degedege, na ikikutana na dawa za sonona hatari inazidi.

Kuna tiba isiyouzwa. Mwaka 1956 daktari Mmarekani James Semans alieleza namna ya kusisimua, kuacha mhemko unapokaribia kilele, kutulia, kisha kuanza tena. Inahitaji wiki kadhaa na inahitaji mke. Hapa ndipo tunapokosea. Pwani msichana ana somo wake wa kumfunda, ilhali mume anabaki na kijiwe, na akija kliniki mkewe anaachwa kwenye benchi la nje. Mume akiridhia, mwiteni mama aingie, mumweleze kwamba hakuna anayelaumiwa. Nimeona kikao kimoja cha namna hiyo kikifanya kazi ambayo vidonge vya miezi mitatu havikuifanya.

Jambo langu la mwisho ni dirisha la dawa. Mgonjwa aliyethubutu kutuambia siri hii hukuta jina la dawa na matumizi yake yakitangazwa mbele ya foleni, naye harudi tena. Naomba kila kituo kilichowakilishwa hapa kikubaliane na mfamasia wake: dawa hizi zitolewe kwenye chumba cha tabibu, mlango ukiwa umefungwa.