Jina Jipya Mlangoni

Somo letu la asubuhi hii latoka Mwanzo 32, pale Yakobo alipopigana mieleka usiku kucha kwenye kivuko cha Yaboki. Lakini kabla hatujafika mtoni, twataka kuwapeleka mbali kidogo, hadi mji wa Atlantic City, ulioko pwani ya mashariki ya Marekani.

Wapiga kura wa jimbo la New Jersey waliruhusu majumba ya kamari katika mji huo mwaka 1976. Mwezi wa Desemba 1980 mtu aitwaye Steve Wynn alifungua hoteli ya kamari huko, akaiita Golden Nugget, yaani kibonge cha dhahabu. Mwaka 1987 ikauzwa kwa kampuni ya Bally kwa dola milioni 440, ikaitwa Bally's Grand. Mwaka 1996 ikawa Hilton. Mwaka 2011 jina hilo likaondolewa, zikabaki herufi tatu tu, ACH. Mwaka 2012 ikaitwa Atlantic Club.

Basi, ndani mlikuwa na nini? Katika michezo ya majumba ya namna hiyo mna gurudumu lenye vijumba 38 vya namba, na kijipira kinachozungushwa humo. Ukikisia namba kijipira kitakapoangukia, hulipwa dola 35 kwa dola moja, nawe hurudishiwa ile yako. Sasa fanyeni hesabu. Mtu akiweka dola moja juu ya kila namba, ametoa 38, naye atapokea 36. Dola mbili hubaki kwa mwenye nyumba. Zilibaki siku za Golden Nugget, zikabaki siku za Hilton. Wenye mali walibadilika, na mbao za mlangoni zikabadilika, lakini hakuna aliyenunua jumba lile ili aziache zile dola mbili.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Januari 2014 lilifungwa. Washindani wawili wa mji ule ule walikuwa wamelinunua, mmoja jengo na mwingine mashine na meza, kwa jumla ya dola milioni 23.4, ili ushindani upungue. Watu wapatao 1,600 walipoteza kazi: wapishi, watandika vitanda, wagawa karata. Hao hawakuwahi kuulizwa nyumba iitweje.

Tusiwacheke Wamarekani. Sisi nasi twajua sana kupaka rangi mbao. Kundi hugombana na kanisa, likaenda ng'ambo ya barabara, likaandika jina jipya, na magomvi yakahamia huko pamoja na viti. Mwenye duka akiokoka huandika "Neema" juu ya mlango. Ni vizuri, nasi twafurahi pamoja naye. Lakini mama aliyetumwa sukari kilo moja, akipima tena nyumbani, akuta kilo gani?

Turudi Yaboki. Yule aliyepigana na Yakobo hakuanza kwa kumpa jina jipya. Kwanza alimwuliza jina lake. Swali hilo Yakobo alikuwa ameulizwa zamani, na baba yake kipofu, naye akajibu kwamba yeye ni Esau, akaondoka na baraka isiyo yake. Miaka mingi imepita. Sasa gizani aulizwa tena, naye ajibu: Yakobo. Jina ambalo Esau alisema kwa uchungu kuwa lamfaa, kwa maana alimdanganya mara mbili. Ni baada ya kulitamka lile la zamani ndipo alipoitwa Israeli.

Kulipopambazuka alivuka akichechemea. Mbele yake alikuja Esau na watu 400. Israeli akainama hata nchi mara saba. Mifugo alikuwa amekwisha kuitanguliza: mbuzi 220, kondoo 220, ngamia, ng'ombe na punda. Esau akakataa, akasema anavyo vya kutosha. Ndugu yake akamsihi sana, hata akapokea.

Someni sura ya 33 leo jioni, pamoja na watoto. Kesho, Mungu akipenda, tutaanzia hapo.