Gari la Abiria la Mwanza na Isaka: Je, Litajilisha?

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Katika siku kama ya leo ni desturi kuhesabu mema yaliyopatikana tangu Chama kilipoandikishwa. Kazi hiyo wameifanya wenzangu walionitangulia kusema, na wameifanya vizuri. Mimi nimepewa shauri ambalo halijakwisha. Katika mkutano wetu uliopita ilitolewa hoja kwamba Chama Kikuu kiiombe Serikali iweke gari la abiria la kila siku baina ya Mwanza na Isaka, mara tu reli mpya ya upande huu itakapokamilika, pasipo kungojea vipande vya Tabora na Makutupora. Wako walioipinga, wakasema gari hilo litatembea tupu na hasara yake tutailipa sisi. Tena hoja hiyo ina mkia wake: ikiwa reli inakuja kweli, je, tununue malori manne mapya kama ilivyokusudiwa, ama tusinunue? Nimeombwa niziseme pande zote mbili, kisha niseme na yangu.

Nchi hii ya ziwa haikuanza kuzungumza habari za reli jana. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901, na kwa miaka mingi mazao ya Usukuma yalipakiwa melini hapa Mwanza, yakavushwa hadi Kisumu, yakashuka kwa reli hadi Mombasa. Reli ya Kati ilipita mbali nasi. Ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Tawi la kutoka Tabora hadi Mwanza lilifunguliwa mwaka 1928. Tangu hapo majina ya Malampaka, Malya, Bukwimba, Mantare na Fela yakawa majina ya stesheni, na palipokuwa na stesheni pakawa na maghala. Wakulima wa pamba walipounda Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria mwaka 1955, akiongoza Bwana Paul Bomani, walikuta reli hiyo imekwisha kutangulia, na ndiyo iliyobeba marobota yao kwenda pwani. Nasema haya ili lifahamike jambo moja: reli ya mwaka 1928 haikujengwa kwa nauli za abiria. Ilijengwa kwa ajili ya mizigo, na abiria wakapanda.

Sasa tazameni reli mpya. Mkataba wa kipande cha Mwanza na Isaka ulitiwa sahihi Januari mwaka 2021 pamoja na makampuni mawili ya Kichina, na jiwe la msingi likawekwa na Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Juni mwaka huo huo. Urefu wake wote ni kilometa 341. Katika hizo 249 ni njia kuu, zilizobaki ni njia za kupishania na za stesheni. Upana wake ni milimeta 1,435, hali ile ya zamani ni meta moja tu; kwa hiyo behewa la njia moja haliwezi kukanyaga njia ya pili. Gharama yake yapita shilingi trilioni tatu. Huko mashariki kazi imekwisha kuonekana kwa macho: gari la umeme lilianza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na kufika Dodoma mwezi Julai mwaka huo. Kwetu huku, mwaka 2025 mafundi walikuwa bado kazini.

Wenye kuiunga mkono hoja husema hivi. Watu wapo. Daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa kama tatu, lilifunguliwa Juni 2025, na tangu siku hiyo mtu wa Sengerema au Geita haketi tena ukingoni akingojea kivuko. Hospitali ya Bugando hupokea wagonjwa wa kanda nzima. Soko la samaki la Kirumba huita wafanyabiashara wa dagaa kutoka nchi za jirani. Wanafunzi, wauguzi, wenye maduka, wenye kesi mahakamani, wote hao huenda na kurudi. Tena husema, tazameni upande wa Kaskazini: gari la abiria la Dar es Salaam na Moshi lililokuwa limekufa kwa zaidi ya miaka ishirini lilirudishwa Desemba 2019, na mwaka uliofuata likafika Arusha. Njia ilikuwa ile ile ya kikoloni iliyofanyiwa matengenezo, na watu waligombania tikiti.

Wapinzani nao hawakukosa maneno. Wao huanza na hesabu, nami nataka tuifanye pamoja hapa hapa, kwani hesabu haina upande.

Nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ilipangwa kuwa shilingi 31,000 kwa kilometa kama 444. Basi ni karibu shilingi 70 kwa kila kilometa. Kwa kipimo hicho hicho nauli ya Mwanza hadi Isaka itakuwa kama shilingi 17,000. Tuseme, kwa mfano tu, abiria elfu moja wanapanda kila siku na kila mmoja anakwenda mwisho wa njia, jambo ambalo halitatokea, maana wengi watashuka Shinyanga na Malampaka. Zitapatikana shilingi milioni 17 kwa siku. Kwa mwaka mzima, bila kupumzika hata Sikukuu, ni bilioni sita na kidogo. Sasa zigawanyeni zile trilioni tatu kwa bilioni hizo. Itahitajika miaka zaidi ya 480 kuirudisha fedha ya ujenzi, na hapo hatujalipa umeme, hatujamlipa dereva, hatujamlipa afagiaye behewa.

Nimewaona baadhi yenu mkitikisa vichwa. Lakini msiharakishe. Hesabu hiyo ni kweli, ila inajibu swali ambalo hakuna mwenye akili aliyeliuliza. Ni nadra nauli ya abiria, hapa au ng'ambo, kutazamiwa peke yake kurudisha gharama ya kulaza reli. Barabara ya lami ya Shinyanga nayo haikujengwa kwa nauli za mabasi. Ilijengwa kwa fedha ya umma, na mwenye basi hatakiwi kuirudisha. Swali la haki ni jingine: je, gari hilo litapata fedha ya kujilisha lenyewe siku kwa siku, yaani umeme, watumishi na matengenezo? Na kama litapungukiwa, nani atakayeliongezea?

Hapo ndipo hoja ya wapinzani inapokuwa nzito kweli kweli. Mwezi Desemba 2023 nauli ya basi la kawaida ilitangazwa kuwa shilingi 48.47 kwa kilometa. Mkulima atokaye kuuza mpunga wake, mfukoni ana fedha ya kuhesabu, atatazama 48 na 70, atapanda basi. Mwenye haraka atapanda garimoshi. Lakini haraka ina thamani safari inapokuwa ndefu. Njia yote kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni kilometa 1,219. Gari likienda wastani wa kilometa 120 kwa saa, ingawa limeundwa kufika 160, litamaliza safari kwa muda wa saa kumi na dakika kama kumi. Hapo basi halina la kujibu. Ila kutoka hapa hadi Shinyanga basi laweza kujibu, tena litakuacha karibu na nyumba yako.

Jirani zetu wa Kenya wametangulia katika njia hii, na hatuna sababu ya kujifanya hatukuona. Gari lao la Mombasa na Nairobi lilianza mwaka 2017, na mabehewa ya abiria hujaa. Shida yao ni upande wa juu. Mwaka 2019 reli ilisogezwa hadi sehemu za Naivasha, ikakoma hapo. Mzigo wa Uganda ukifika mahali hapo hauna budi kuhamishwa, ama kwenye reli ya zamani ama kwenye malori, na kila uhamisho ni gharama na siku zaidi. Reli iliyokatika ni kama mtumbwi usiofika ng'ambo. Sisi tukiwa na Mwanza na Isaka peke yake, Isaka ndiyo itakayokuwa Naivasha yetu, mpaka siku Tabora na Makutupora zitakapounganishwa.

Sasa niseme yangu.

Mimi naiunga mkono hoja, lakini si kwa maneno ilivyoandikwa. Neno "kila siku" nalikataa. Tukiomba gari la kila siku kwenye kipande kilichokatika, baada ya miezi sita mabehewa yatakuwa matupu, Wizara itayaondoa kwa haki, na siku njia itakapounganika tutaambiwa kwamba watu wa ziwa walipewa wakashindwa. Tuombe siku tatu kwa juma, zifuatane na siku za magulio. Na tuombe jambo moja ambalo sikulisikia katika mabishano yote: gari lilale Isaka, si Mwanza.

Fikirini. Gari likilala Mwanza litaondoka asubuhi kwenda Isaka na kurudi jioni. Litamfaa nani? Litamfaa karani wa mjini mwenye shughuli Shinyanga. Lakini mama wa Malampaka anayempeleka mtoto Bugando atapanda jioni, afike usiku, alale kwa kulipa, amwone daktari kesho yake, kisha angoje tena. Likilala Isaka, litaondoka saa kumi na mbili asubuhi, liwe Mwanza kabla ya saa tatu au karibu yake, na saa kumi jioni liwarudishe watu kwao. Gari ni lile lile, umeme ni ule ule, watumishi ni wale wale. Tofauti ni mahali linapolala. Mambo kama haya huamuliwa na mpangaji wa ratiba aliye mbali, na asipoambiwa ataamua kwa kadiri ya karakana ilipo.

Tena ratiba ifungamane na meli. Zamani reli na meli vilikuwa chini ya mkono mmoja, na meli ya MV Umoja hata leo imeundwa kwa reli juu ya sitaha yake, mabehewa ya njia ya zamani yaingie yenyewe kwenda Port Bell. Mtu wa Nansio akishuka bandarini na kukuta gari limekwisha ondoka robo saa iliyopita, huyo ni abiria aliyepotezwa kwa makusudi.

Kuhusu kujilisha: abiria hawatalilisha gari hilo peke yao. Mizigo ndiyo itakayolilisha, na mizigo ni sisi. Tangu biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wanunuzi wa kila namna mwaka 1994, marobota mengi yamezoea lami. Maji nayo yalituzoesha. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalipovunja njia huko Kilosa na Gulwe, aliyekuwa bado akiitegemea reli alikimbilia malori, na wengi hawakurudi. Treni moja ya mabehewa 40, kila moja likibeba tani 50, huchukua mzigo wa malori zaidi ya 60 ya tani 30. Lakini itakuja kupakia tu ikijua kwamba mzigo upo, na kwamba haitarudi tupu. Pamba yetu husafiri miezi michache. Miezi mingine lazima kuwe na mpunga, dengu na samaki wa kwenda, na mbolea, chumvi na saruji za kurudi.

Kwa sababu hiyo, juu ya malori, shauri langu ni kwamba yasinunuliwe manne makubwa ya kwenda Dar es Salaam. Yanunuliwe mawili madogo, yenye nguvu ya kupita tope la mbuga, ya kutoa mzigo katika maghala ya vyama vya msingi hadi stesheni. Fedha itakayobaki iwekwe akiba mpaka tuone Tabora imefika wapi. Najua wajumbe wawili wa Bodi hawatalipenda neno hili, nao watapata nafasi ya kunijibu baada ya chakula.

Lililobaki ni kazi ya Makatibu. Ombi lisilo na hesabu hutiwa kabatini. Kila chama cha msingi kiandike, kwa msimu huu unaokuja, tani ngapi zilitoka ghalani, mwezi gani, zilikwenda wapi na kwa bei gani ya usafirishaji. Na kiwaulize wanachama ni mara ngapi kwa mwaka wanakwenda Mwanza au Shinyanga, na siku gani. Asiyejua kuandika asaidiwe na mwanawe. Makaratasi yenyewe yamekwisha pigwa chapa. Yako juu ya meza ya Bwana Katibu, karibu na mlango, na yatakiwa kurudishwa kabla ya mizani kufunguliwa mwezi Mei.