Lindo Lisilopenda Mbalamwezi

Askari aliyepata kushika lindo la usiku anajua kwamba mbalamwezi ni msaada, kwani humfichua anayenyemelea. Huko Utah, Marekani, kuna lindo ambalo mbalamwezi hulipofusha.

Ni lindo la darubini zinazotazama hewa, si nyota. Chembe yenye nguvu kubwa itokapo anga za mbali na kugonga hewa, huzaa chembe nyingine, nazo huzaa nyingine tena, mpaka mabilioni yanamiminika kama manyunyu. Yanapopita, naitrojeni ya hewa hutoa mwanga hafifu wa urujuanimno usioonekana kwa macho. Vioo vikubwa huukusanya mwanga huo, lakini katika usiku mweupe wa mawingu wala wa mwezi havifai kitu. Hivyo darubini hizo hukesha kwa takriban sehemu moja tu katika kumi ya muda wote.

Tarehe 15 Oktoba 1991, katika eneo la majaribio la jeshi la Marekani huko Dugway, darubini za Fly's Eye ziliona chembe moja, ndogo kuliko atomu, yenye nguvu ya jouli 51. Nguvu hiyo yatosha kuinua mzigo wa kilo 5 kimo cha mita moja!

Alfajiri ya tarehe 27 Mei 2021 ikaja nyingine, ya karibu jouli 40, iliyopewa jina Amaterasu, mungu wa jua wa Wajapani. Lakini mwezi ulikuwa umetimia siku moja kabla, na darubini za Telescope Array hazikuwa kazini. Waliobaki zamu ni vipokezi zaidi ya 500 vilivyotandazwa jangwani, katika kilomita za mraba 700.

Hasara haikuwa ndogo. Vipokezi vya ardhini huhesabu nyayo tu. Darubini humwona mgeni tangu akiwa juu. Kimo ambapo manyunyu hufikia wingi wake wote husaidia kutambua aina yake: protoni nyepesi, au kiini kizito kama cha chuma. Aina isipojulikana, ni vigumu kupima usumaku wa anga ulivyoipinda njia yake. Amaterasu ilionekana kutoka upande wenye galaksi chache mno, na chanzo chake bado hakijajulikana. Wataalamu wameanza kupanua eneo la vipokezi lifike mara nne, na kuongeza darubini.