Maumivu ya Misuli Baada ya Mazoezi: Kabla Hujanunua Dawa



Wengi wetu tunaojiunga na vikundi vya mazoezi hapa Dodoma huamka siku ya pili tukishindwa hata kushuka ngazi. Hapo ndipo tunapokimbilia duka la dawa kuulizia diklofenaki. Tunawasihi msubiri kidogo.

Maumivu hayo hutokana na michubuko midogo mno katika nyuzi za misuli isiyozoea kazi, hasa kwa kuchuchumaa na kuteremka. Siyo asidi iliyobaki misulini, kama inavyosemwa mara nyingi. Hiyo huondoka mapema. Huwa makali kati ya saa 24 na 72, kisha hupungua yenyewe, na kwa kawaida juma halipiti. Kutembea taratibu, maji ya uvuguvugu na usingizi huwatosha walio wengi.

Linalotutia hofu ni diklofenaki kumezwa na mtu aliyetokwa jasho asinywe maji. Hewa ya nyanda hizi ni kavu; jasho hukauka kabla hatujalihisi. Figo zilizopungukiwa maji huweza kudhurika kwa dawa hiyo, na tumbo laweza kupata vidonda. Anayehitaji kutuliza maumivu, parasetamoli ni afadhali: kwa mtu mzima mwenye afya njema, vidonge visivyozidi 8 vya miligramu 500 kwa siku, kutoka duka lililosajiliwa, akikagua tarehe ya mwisho wa matumizi na kudai risiti. Dawa za kuchua zisizo na lebo tusizinunue kamwe.

Mkojo ukiwa na rangi ya chai kavu, au mguu ukivimba, mgonjwa asingoje juma liishe: aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.