Mafuta Yakimwagika Ziwani

Agosti 2020 meli ya Wakashio ilimwaga takriban tani 1,000 za mafuta huko Morisi. Wananchi walishona mifuko mirefu, wakaijaza majani makavu ya miwa, wakaitandaza juu ya maji kuyazuia mafuta.

Kwetu kwenye Ziwa Tanganyika, maji huchukua mamia ya miaka kubadilishwa na mapya, hivyo uchafu hauondoki upesi. Mafuta yakimwagika, kama ni petroli, kaeni mbali, inawaka! Mafuta mazito yazingirwe kabla hayajaingia kwenye matete, wanamozaliana samaki. Matete yaliyochafuka msiyang'oe. Mizizi ikisalimika, yatachipua. Mchanga uliolowa mafuta uchotwe kwa koleo, juu juu tu, utiwe kwenye mapipa, usifukiwe. Sabuni msiimwage kabisa: huyatawanya mafuta na kudhuru samaki. Vaeni glavu na buti, na samaki wa ndagala wasianikwe kwenye ufuo uliochafuka.