Ngitili Zilizotangulia Soko

Mgunga uliosimama huwezi kuuweka kwenye mzani. Mtaalamu wa misitu akitaka kujua umehifadhi hewa ukaa kiasi gani, huuzungushia futikamba usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, kisha namba aliyoipata huiingiza kwenye kanuni iliyotokana na miti iliyowahi kukatwa na kupimwa. Hapo hupata uzito wa mti mkavu. Takribani nusu ya uzito huo ni kaboni, na kila tani ya kaboni ni sawa na tani 3.67 za hewa ukaa. Udongo una kazi zaidi: unachimba, mara nyingi hadi sentimita 30, unapeleka sampuli maabara, na mashimo mawili ya shamba moja yanaweza kukupa majibu mawili.

Haya yote, msikilizaji, ni makadirio, na makadirio mazuri hayaoni haya kutaja kiasi yanachoweza kukosea. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu uko kwenye swali ambalo futikamba hailiwezi: ardhi hii ingekuwaje kama isingetunzwa?

Twende Shinyanga. Enzi za ukoloni misitu ilifyekwa ili kumaliza mbung'o, baadaye pamba na mifugo vikamalizia kilichobaki, mpaka watu wakaanza kuzungumzia jangwa. Mwaka 1986 ukaja mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Kilichouokoa ni kuwasikiliza wenyeji. Wasukuma tangu zamani wana ngitili, eneo linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi zibaki kwa ndama na maksai kiangazi kikikaza. Ukilifunga, visiki navyo vinachipua, bila kitalu wala ndoo ya maji. Mwaka ule zilikuwa zimebaki hekta 600 hivi za ngitili. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000.

Walipoanza hapakuwa na soko la hewa ukaa. Itifaki ya Kyoto yenyewe, mkataba uliofungua njia ya soko hilo, ni ya mwaka 1997. Watu walifunga ngitili kwa ajili ya malisho, kuni, nguzo, dawa na asali.

Sasa wanunuzi wamefika, na kanuni yao ni kulipia ongezeko tu, yale ambayo yasingetokea bila fedha zao. Mzee aliyefunga ngitili yake tangu 1986 ana miti mikubwa, lakini ongezeko lake limeshapita, labda athibitishe kuwa shoka linaisogelea. Jirani aliyeacha eneo lake kipara ndiye mwenye nafasi ya kuotesha tani za kuuza.

Kanuni hiyo naielewa. Mnunuzi anatumia tani hizo kufidia moshi wa kiwanda chake. Akilipia kilichokuwepo, moshi unabaki palepale angani. Kwa soko, ni haki. Lakini halmashauri ikikadiria thamani ya ardhi yake kwa kipimo hicho peke yake, itawaambia waliotangulia kutunza kwamba kazi yao ni sifuri. Mzee huyo alipwe kutoka bajeti ya ardhi na maji, si kwa hisani ya soko.

Na mkataba wa hewa ukaa ukiletwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kabla ya kuuliza bei ya tani, ulizeni mwaka wa kuanzia kuhesabu ni upi, na nani aliuchagua.